Mjomba, Skrini Yangu Imejaa Wageni

Wiki hii barua zimemshangaza Mjomba. Hakuna aliyeachwa, hakuna anayedaiwa ng'ombe wa mahari, wala hakuna mke mwenza aliyehamia jikoni bila hodi. Kutoka Isebania hadi Mbita watu wanalilia jambo moja: laptopu ni ndogo, na hata huo udogo wenyewe hawaachiwi wautumie. Mtu akifungua ukurasa asome, anakuta kioo kimekaliwa juu na chini na vitu visivyosomeka, na habari yenyewe imebanwa katikati kama abiria wa tano kwenye kiti cha matatu cha watu watatu.

Wa kwanza anatoka Rongo na amejitia jina Aliyebanwa. Ana laptopu ya ex-UK ya inchi 11.6, aliyoinunua kwa pesa za miwa. Alikuwa akijaza fomu ya kuomba kazi mtandaoni, akajibu kila swali hadi jina la bibi yake, na mwishoni kikafunguka kidirisha kirefu kuliko kioo. Kitufe cha kutuma hakikuonekana popote. Alikivuta kidirisha, kikakataa. Akazima, akawasha, akaanza upya, bibi akatajwa mara ya pili. Saa sita usiku ikapita na nafasi ikapita nayo. Anauliza kama laptopu inaweza kurogwa.

Mjomba anamwomba kwanza aazime rula ya mtoto wa shule. Kioo cha inchi 11.6 kina karibu sentimita 26 kwa upana, lakini kwenda juu ni 14 na kidogo tu. Sasa apime kile kilichokwisha kuliwa. Juu kuna mstari wa vichupo, ambavyo wengi huviita tabu, na Mjomba hajapata kusikia jina lililomfaa mwenyewe kama hilo. Chini yake kuna mstari wa anwani, kisha mstari wa alamisho. Chini kabisa kuna ukanda wa Windows wenye saa na betri. Jumla yake ni karibu sentimita 3. Sehemu moja ya tano ya kioo imeondoka kabla neno la kwanza halijasomwa.

Kwa Aliyebanwa kuna zaidi. Mjomba anashuku kwamba aliyemuuzia aliiambia Windows ikuze kila kitu kwa asilimia 125, maana maandishi manono humvutia mteja anapojaribu mashine dukani. Matokeo yake, kioo cha pikseli 1366 kwa 768 hujiona kina 1093 kwa 614. Kitufe cha kutuma hakikurogwa, kilikuwa huko chini ambako kioo hakifiki. Aingie kwenye mipangilio ya Windows, upande wa "Display", na palipoandikwa "Scale" arudishe asilimia 100. Akibanwa tena kabla ya hapo, ashike Ctrl na kubonyeza alama ya kutoa, mara mbili au tatu, ukurasa utasinyaa mpaka uenee. Ctrl na sifuri huurudisha ulivyokuwa. Na kama kidirisha kimekaidi hata hivyo, kitufe cha Tab kwenye kibodi hupeleka kivuli kutoka kisanduku hadi kisanduku, mpaka kwenye vitufe asivyoviona, kisha Enter. Ni vizuri ayazoee haya kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi za mtu binafsi, maana usiku ule hakuna mjomba anayepokea simu.

Kijana wa Muhuru Bay ameandika kwa masikitiko makubwa zaidi, ingawa kisa chake ndicho kilichomfanya Mjomba amwage chai. Rafiki alimwambia F11 huongeza nafasi. Akabonyeza. Vichupo vikatoweka, anwani ikatoweka, saa ikatoweka, ukabaki ukurasa mtupu umejaa kioo kizima. Akajua ni virusi. Akaizima laptopu kwa kushikilia kitufe cha umeme, lakini hofu haikumtoka, asubuhi akapanda matatu hadi Migori mjini. Huko akaiwasha mbele ya fundi na kumwonyesha alichokifanya, mambo yakatoweka tena. Fundi akatazama, akabonyeza F11, akadai shilingi 300.

Mpwa wangu, Mjomba anasema, fundi alikuwa na haki ya kulipwa. Wewe ulikuwa na kitufe na yeye alikuwa na maarifa, na bei ya kitufe ilikuwa ndani ya laptopu tayari. F11 ndiyo dawa kubwa kuliko zote kwa kioo kidogo: kwa Chrome, Firefox na Edge kwenye Windows, hufuta mistari yote na kukuachia zile pikseli 768 zote za kwenda juu. Ukiibonyeza tena, vyote hurudi. Kwenye laptopu nyingi, hasa za HP, sharti ushike Fn pamoja nayo, kwa kuwa F11 peke yake hufanya kazi nyingine. Ukiwa ndani ya skrini nzima bado una mikono: Ctrl na T hufungua kichupo kipya, Ctrl na Tab hukupeleka kichupo kingine, Ctrl na W hukifunga. Katika Firefox, ukisukuma kipanya hadi ukingo wa juu, mistari hushuka yenyewe kukusalimia.

Ila kuna jambo ambalo rafiki yake hakumwambia. Saa inapofichika, betri nayo hufichika. Stima ikipotea Muhuru saa mbili usiku, na mtu yuko ndani ya skrini nzima, hajui kama amebakiwa na asilimia 60 au 6 mpaka giza limwingie. Kwa mtu wa stima ya kubahatisha Mjomba hupendekeza njia ya kati: abonyeze ule ukanda wa chini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, aingie kwenye mipangilio yake, auambie ujifiche. Utakuwa unatoka pale tu kipanya kinapogusa chini.

Mama mmoja wa Homa Bay, mfanyabiashara wa omena, hesabu zake huziweka kwenye jedwali la mtandaoni: magunia, nauli, wadeni. Anasema mume wake hajawahi kumletea mwanamke mwingine nyumbani, ila kwenye kivinjari amemletea wengi. Kila mara mzee akiazima laptopu huacha alamisho mpya: timu za Uingereza, mikeka ya kubashiri, magari ya mitumba ambayo hawatayanunua maishani. Mstari umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na yeye anaona wadeni sita tu kwa wakati mmoja ilhali wako ishirini na mbili.

Watu wa Homa Bay hawahitaji kuelezwa ugonjwa huu. Gugumaji limekuwa likivamia upande wa Kenya wa Ziwa Victoria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuna siku mtu husimama gatini akijua kwamba maji yako pale, yale yale, lakini mashua haina pa kupita. Mjomba anakumbuka enzi za Internet Explorer katika saiba za mjini Migori, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtu alikuwa akipakua programu ya bure, nayo inaingia na ukanda wake wa kutafutia. Ule wa Ask ulikuja na Java yenyewe; usipotoa alama ya vema kwenye kisanduku fulani kidogo, tayari umeukaribisha. Mjomba aliwahi kuona kompyuta yenye kanda tano zilizopandana, mteja akisoma barua pepe kupitia upenyo wa kiganja.

Mama anajibiwa kwa vitufe vitatu: Ctrl, Shift na B, kwa pamoja. Mstari wote wa alamisho unatoweka, na akivibonyeza tena unarudi, kwa hiyo mzee atazikuta timu zake salama na ndoa haitaguswa. Lakini Mjomba ana swali dogo. Mbona mzee asifunguliwe akaunti yake kwenye laptopu hiyo hiyo? Windows huruhusu, hata Chrome yenyewe humtenga kila mtumiaji na alamisho zake. Waluo hawalali wote nyumba moja. Kijana akikua hujengewa simba yake ndani ya boma. Mzee naye apewe simba ya alamisho.

Barua iliyomkalisha Mjomba kitako zaidi ni ya mwalimu wa historia wa Rusinga. Bado anatumia laptopu ya inchi 10, zile ndogo zilizovuma baada ya uchaguzi wa 2007, yenye pikseli 1024 kwa 600. Ameiwekea Linux, ameifuta vumbi, inaendelea kuishi. Anauliza swali la kimwalimu: mbona vioo vilizidi kupanuka lakini yeye haoni mistari zaidi ya kusoma?

Swali hilo lina jibu, mwalimu, nalo liko kwenye tarakimu. Monita nono za saiba za zamani, zile zenye kisogo kama gunia la mahindi, nyingi zilikuwa na pikseli 1024 kwa 768. Laptopu nyingi zilizofuata zikawa 1366 kwa 768. Nambari ya pili haikusogea hata kidogo. Watengenezaji waliongeza kioo upande wa filamu, wakauacha upande wa kusoma palepale, na kwa laptopu kama ya mwalimu wakakirudisha nyuma mpaka 600. Asus Eee PC iliyofungua njia mwaka 2007 ilikuwa na 800 kwa 480 tu. Kila kitu kinacholala, yaani kila mstari, hula kile ambacho ni haba. Kinachosimama hula kile kilichozidi.

Waliolitambua hilo mapema waliona faida. Google ilipotoa Chrome Septemba 2008 ilivipandisha vichupo hadi juu kabisa, mahali palipokuwa na jina la dirisha tu. Jina Chrome lenyewe ni neno la wabunifu la fremu inayozunguka ukurasa, na lengo lao lilikuwa kuipunguza fremu hiyo. Firefox 4 ilifuata Machi 2011, ikaondoa na ule mstari wa hali wa chini. Oktoba 2010 Ubuntu ya laptopu ndogo ilikuja na Unity, iliyoupeleka ukanda wa programu ubavuni kushoto. Wengi walikasirika, lakini kwa kioo cha 600 hesabu ilikuwa sahihi. Windows 10 ilimruhusu mtu kuuburuta ukanda wake ubavuni, kisha Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 ikaiondoa ruhusa hiyo, jambo ambalo Mjomba hajalisamehe. Vichupo vyenyewe navyo vimeanza kusimama: Edge iliviwezesha mwaka 2021, Firefox Machi 2025.

Kwa hiyo mwalimu ahamishe vichupo ubavuni, aache anwani peke yake juu, na akisoma makala ndefu katika Firefox abonyeze ile ikoni ya ukurasa iliyo pembeni ya anwani, ifungue hali ya kusoma. Matangazo, vichwa vinavyomfuata mtu akishuka na matangazo ya vidakuzi yanayokalia nusu ya kioo, vyote huondoka, yanabaki maandishi. Akifundisha Thimlich Ohinga muhula ujao anaweza kuitumia kama mfano. Kuta zile za Migori, zilizotiwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, zilipangwa mawe matupu bila udongo wala saruji, na pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Lakini aliyezijenga alihakikisha ndani panabaki pa kulaza ng'ombe.

Mmoja wa Kehancha, asiyetaka jina, anasema haya yote ni umaskini na mtu anunue monita kubwa tu. Ni kweli. Laptopu nyingi zina tundu la HDMI, na monita ya mitumba yenye tundu hilo itaingia. Akishainunua aibebe kwenye bodaboda hadi nyumbani, kisha aandike tena.

Kabla safu haijafungwa, ujumbe mwingine umeingia kutoka Muhuru Bay. Kijana ameuambia ukanda wa chini ujifiche, umejificha, na sasa haoni saa wala mahali pa kuzimia laptopu. Yuko kituoni anasubiri matatu ya Migori.

Rudi nyumbani, mpwa wangu. Sukuma kipanya mpaka chini kabisa, kiache hapo kidogo. Na zile mia tatu zirudishe mfukoni.