Viazi Havingoji Kilatini

Katika Kilatini chote kilichowahi kupanda milima ya Mau, kilichoota mizizi Olenguruone ni status quo, yaani hali kama ilivyo. Habeas corpus, ile amri ya kutaka mtu aliyezuiliwa aletwe mbele ya korti, tunaisikia redioni wanasiasa wanapokamatwa. Mens rea, ile nia ya kutenda kosa, tumewaachia wanafunzi wa sheria. Lakini status quo hata muuza maziwa anaijua, maana ndiyo inayoweza kukuozeshea viazi shambani huku unavitazama.

Baba mdogo na jirani yake waligombania ukanda wa ardhi ambao ng'ombe akisimama ndani yake, pembe ziko kwetu na mkia uko kwa jirani. Jirani akadamkia kortini sisi tukiwa matangani, akarudi na amri ya ex parte. Baba mdogo aliposikia hiyo "pate" alifoka: pati imefanywa juu ya shamba lake na hakualikwa! Wakili akamtuliza kwamba maana yake ni amri iliyotolewa baada ya kusikilizwa upande mmoja tu. "Si ndiyo hiyo pati ninayosema?" akajibu, na mpaka leo sioni alipokosea.

Siku ya kusikilizwa pande zote mbili, hakimu aliagiza status quo idumishwe. Tukatoka tukishangilia. Jirani naye akatoka akishangilia, na hilo likatutia wasiwasi. Kumbe kwake yeye hali ya kudumishwa ni ua lilipo leo; kwa baba mdogo ni ua lilipokuwa kabla halijatembea usiku. Hiyo ya pili wanasheria huiita status quo ante, na hakimu angetuongezea hako ka-ante tungelala usingizi. Hakuongeza. Na ndani ya ukanda ule kulikuwa na viazi vyetu vya Shangi, vimekomaa. Kuvichimba ni kubadili hali. Kuviacha pia ni kubadili hali, kwa kuwa Shangi hakijui kungoja; kikikomaa, muda si muda kinachipua. Wakili alisema suala hilo lina utata kisheria. Fuko hawakuona utata wowote.

Isitoshe, kuidai ante Olenguruone kunataka uangalifu. Serikali ya kikoloni ilianzisha makazi hapa mwaka 1941 kwa Wakikuyu iliowaondoa Umaasaini. Walipokataa masharti yake ya kilimo na kula kiapo, ikawafukuza, na kufikia 1950 wengi walikuwa wamepelekwa Yatta. Waogiek nao watakukumbusha kwamba msitu wa Mau ulikuwa na wenyewe kabla ya serikali yoyote, na Mahakama ya Afrika kule Arusha iliwapa haki tarehe 26 Mei 2017. Ukirudi nyuma kupita kiasi, unaweza kujikuta wewe ndiye unayefungasha. Baba mdogo, mtu mwerevu, alidai ante ya Jumanne iliyopita tu.

Ndipo wakili wa jirani akafichua silaha yake: baba mdogo hana locus standi, yaani hana haki ya kusimama kortini kudai, kwa sababu hati ya shamba bado ina jina la marehemu babu na kesi ya urithi haijafunguliwa. Baba mdogo alikuwa amesimama tangu asubuhi. Nilimfariji kwamba hata Wangari Maathai aliambiwa vivyo hivyo mwaka 1989 alipokwenda kortini kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na jengo halikujengwa. Katiba ya 2010 imefungua mlango kwa yeyote anayetetea mazingira. Baba mdogo akataka viazi vyake vihesabiwe kuwa mazingira.

Hakimu akaahirisha kesi sine die. Mzee akaruka: "Mheshimiwa, nina dai! Nani amesema sina dai?" Korti nzima ilivunjika mbavu, na mkalimani alihangaika kumweleza kwamba kesi imeahirishwa bila kupangiwa siku. Akasema basi hiyo ni mbaya zaidi.

Kilichoniudhi nilikigundua baadaye. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mgogoro wa mpaka wa shamba lililosajiliwa usisikilizwe kortini kabla msajili wa ardhi hajaubainisha mpaka wenyewe. Imeandikwa kwa maneno mepesi, bila hata chembe ya Kilatini. Labda ndiyo sababu hakuna aliyeisoma.

Basi akaitwa savea. Akaja na mashine yake siku ya ukungu wetu ule wa kufuta hata ng'ombe, akatangaza kwamba haoni bikoni, akadai nauli ya kurudi Nakuru. Baba mdogo na jirani wakaichanga nusu kwa nusu. Ni jambo la kwanza walilokubaliana tangu ua lihame, ingawa kila mmoja anaapa kwamba nusu yake ndiyo ilikuwa kubwa.