Namna ya Kusifika kwa Filamu Usizozitazama

Umechoka kujulikana kama mtu wa muvi za magari yanayoruka maghorofa. Unataka heshima ya wale wanaokaa kimya filamu ikiisha, wakikuna kidevu. Tatizo ni kwamba filamu zao ni ndefu na wewe usiku una mpira. Usihofu, sifa hiyo inapatikana bila kutazama.

1. Chagua filamu moja tu. Iwe ya zamani, ya mbali, na ndefu kiasi cha kumkatisha tamaa anayetaka kukuhakiki. Mimi nakupa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975: dakika 201 za mjane wa Brussels akipika, akitandika kitanda na kumenya viazi. Jina kamili la filamu hiyo lina anwani ya nyumba ndani yake, kwa hiyo usithubutu kulitamka. Sema "ile ya Akerman", inatosha. Mwaka 2022 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliipa nafasi ya kwanza. Mtu akikubishia, mwelekeze huko akabishane nao.

2. Kariri msamiati. Ikikuchosha, sema "haina haraka". Usipoielewa, sema "inamheshimu mtazamaji". Ikikatika ghafla, hata kama ni umeme tu uliokatika, sema mwongozaji "ameacha mlango wazi".

3. Mdharau steringi. Rafiki akikuletea habari za muvi kali, muulize taratibu: "Steringi anakufa?" Akijibu steringi hafi, tabasamu kwa huruma na unyamaze. Kwamba wewe mwenyewe umekulia kibanda umiza, umebanana na wenzio kwenye benchi, ukimshangilia DJ anayewatia mabondia wa Kichina maneno ya Manzese, hiyo ni siri yetu. (Tuseme ukweli: baadhi ya muvi zile, ukimwondoa DJ, hazina kitu.)

4. Uwe na moja ya nyumbani, maana wataulizia. Taja Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021. Hapo una bahati: riwaya ya Adam Shafi uliisoma shuleni, au angalau uliusoma mwongozo wake. Sema "kitabu kina kina zaidi" kisha ubadili mada. Ukialikwa tamasha la filamu Zanzibar, pale Ngome Kongwe, usiinuke mpaka majina yote yapite, hadi la mpishi. Wanaowahi daladala hujulikana hapo hapo.

5. Ile ya Akerman usiitazame! Hodari wengi wamepotelea hapa. Mtu anaiweka "dakika kumi tu", apate la kusema. Siku ya kwanza ya yule mama inapita: viazi, supu, kitanda. Siku ya pili viazi vinapitiliza motoni. Anabaki na sufuria mkononi, anatoka nayo jikoni, anarudi nayo, hajui aiweke wapi. Hakuna muziki, hakuna bunduki, hakuna aliyepiga kelele, na wewe umeacha kupumua kwa ajili ya viazi vya watu. Ukifika hapo, mpira umeshaukosa. Tena utakuwa huna faida barazani, kwa sababu asiyetazama huhutubia nusu saa, na aliyetazama husema tu, "Hebu kaione."

6. Siku moja utakutana na aliyeiona kweli, naye atakuuliza mwisho wake uliuonaje. Usibabaike. Vuta pumzi, tazama mbali kidogo, mrudishie: "Nianze kukusikia wewe." Ataeleza kwa kirefu, maana hajawahi kupata wa kumweleza. Mnunulie chai, aongeze. Kesho yake, kwenye kikao kingine, hayo ndiyo maoni yako, na ikitokea naye yupo hapo, sema mlishakubaliana.