Mwongozo wa Kubishana Juu ya Kocha, Kuanzia Dakika ya 80

Mwamuzi wa akiba akinyanyua kibao dakika ya 85 pale CCM Kirumba, mchezaji anayetoka huwa hajaufikia mstari na Mwanza nzima imeshatoa hukumu. Mwaloni, muuza dagaa anasema kocha amechanganyikiwa. Makoroboi, muuza mitumba anasema kocha ametumwa. Kwenye kivuko cha Kamanga watu wawili wasiofahamiana wanavuka maji hadi ng'ambo wakigombania winga aliyetolewa. Ubishi huu ni utajiri wetu, nao hauna budi kufanywa kwa ustadi. Kanuni ni hizi.

Kanuni ya kwanza: Sema mapema. Maneno "mimi nilijua" yasiruhusiwe kijiweni bila shahidi. Unataka straika aingie? Tamka kabla kocha hajageukia benchi, taja nani atoke, kisha eleza kwa nini. Shahidi bora ni muuza kahawa, kwa sababu kumbukumbu yake imenolewa na madeni ya vikombe. Aliyenyamaza hadi filimbi ya mwisho amepoteza haki ya kujisifu. Abaki na haki ya kula kashata.

Kanuni ya pili: Hesabu sub. Nusu ya kelele za dakika za mwisho hutoka kwa watu ambao hawakuhesabu. Tangu mwaka 2022 sheria za soka zinaruhusu kwa kudumu mashindano makubwa kutumia wachezaji 5 wa akiba, lakini timu hupewa nafasi 3 tu za kusimamisha mchezo ili kubadilisha, ukiacha mapumziko. Maana yake, kocha aliyembadilisha mmoja dakika ya 55, mmoja dakika ya 63 na mmoja dakika ya 70 amefunga mlango mwenyewe. Akiba mbili anazo, ila hawezi kuziingiza hadi dakika 90 ziishe. Ukimpigia kelele dakika ya 88 kwamba amelala, utakuwa umekosea dakika. Kosa lake, kama lipo, alilifanya dakika ya 70. Mbishi mzuri hujua saa ya kosa.

Kanuni ya tatu: Acha kuufuata mpira. Ukiwa banda umiza, kamera inakuchagulia cha kutazama, na kwa kawaida inachagua mpira. Kocha anatazama beki wa kushoto aliyeinama akishika magoti, kiungo mkabaji mwenye kadi ya njano, na winga ambaye hakimbii tena kurudi nyuma. Ukiwa uwanjani, jilazimishe dakika tano nzima kuwatazama walio mbali na mpira. Ni kazi ngumu, hasa mechi ya saa 10 jioni jua likikupiga usoni, lakini hapo ndipo utakapoelewa kwa nini mfungaji wako kipenzi ametolewa. Pengine alikwisha kutoka mchezoni robo saa kabla ya kibao.

Kanuni ya nne: Tenganisha uamuzi na matokeo. Hii ndiyo kanuni mama. Agosti 2021, fainali ya Super Cup ya Ulaya, Thomas Tuchel wa Chelsea alimtoa kipa Édouard Mendy mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza na kumwingiza Kepa Arrizabalaga kwa ajili ya matuta. Kepa akaokoa mawili, Chelsea ikaichapa Villarreal, Tuchel akaitwa fundi. Februari 2022, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Liverpool, kocha yuleyule akamtoa kipa yuleyule, akamwingiza Kepa yuleyule, dakika zilezile. Safari hii hakuokoa hata tuta moja, na lake akalipaisha. Liverpool ilishinda 11-10, Tuchel akaitwa mjinga. Uamuzi ulikuwa mmoja, majina yakawa mawili.

Wavuvi wa dagaa wanalielewa hili kutuzidi. Wanachagua usiku wa giza, wanatazama upepo, wanawasha taa zao na kungoja. Wakirudi na mtumbwi mtupu, hakuna mtu ufukweni anayesema walikosea kuchagua giza. Kocha naye apimwe kwa alichokijua kabla hajaamua.

Kanuni ya tano: Jizoeze kwa mechi za nyumbani. Tarehe 10 Aprili 2017, hapahapa Kirumba, Mbao FC iliongoza Simba 2-0. Kuelekea mwisho Frederic Blagnon akafunga mawili, na katika dakika za nyongeza Muzamiru Yassin akafunga la tatu. Kaa na wenzako, jifanyeni benchi la Mbao dakika ya 80: mnaongeza beki, au mnaacha mshambuliaji mwenye kasi mbele ili Simba isipande yote?

Kisha pandeni daraja. Januari 2024, Afcon nchini Ivory Coast, Taifa Stars iliongoza Zambia kwa bao la Simon Msuva la dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na watu 10. Ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Afcon ulikuwa mkononi. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Je, ukiwa na mtu mmoja zaidi unapaki basi au unatafuta bao la pili? Anayetetea upande wowote atoe sababu ambayo ingesimama hata kama kichwa cha Daka kingetoka nje. Asiye nayo anunue kahawa ya wote.

Kanuni ya sita: Kumbuka kwamba kocha anakusikia, na lawama humtia woga. Katika mpira wa Marekani, timu hupata majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kwenye jaribio la nne kocha huchagua kuthubutu au kupiga mpira kwa mguu. Mwaka 2006 mchumi David Romer alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba timu za NFL zilipiga mguu mara nyingi kuliko ilivyozifaa. Si vigumu kuona kishawishi. Aliyepiga mguu akafungwa amefuata mazoea. Aliyethubutu akashindwa hubeba lawama wiki nzima.

Hapa kwetu mambo ni hayohayo. Kocha anayejua kwamba sare itamlinda na kuthubutu kutamfukuzisha kazi ataongeza beki kila wikendi, kisha tutalalamika kwamba timu yetu haishambulii. Woga ule tumeupanda sisi wenyewe, tunapodai afukuzwe Jumapili kwa sub ambayo Jumamosi tulikuwa tukiililia. Mtani wako mtanie upendavyo, maana utani ni haki yake. Kocha mpime kwa sababu zake.

Kanuni ya saba: Sifu uamuzi mzuri ulioshindwa. Pamba Jiji ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, na mji huu unataka kuiona ikicheza bila hofu. Siku kocha wake atakapoingiza straika wa tatu kutafuta ushindi, kisha timu ikafungwa kwa shambulizi la kushtukiza, simama kijiweni useme: "Jamani, aliamua vizuri." Watakuzomea. Shikilia, toa sababu zako, hesabu sub, mwite muuza kahawa athibitishe kwamba ulilisema dakika ya 82. Mtu mmoja wa namna hiyo katika kila kijiwe anatosha kumpa kocha ujasiri wa kuthubutu tena wiki inayofuata.