Jinsi ya Kumjengea Mwanao Daraja Asiloligusa

Ujumbe wa mwalimu huingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa tatu usiku: kesho kila mtoto aje na kielelezo cha daraja. Tangu mtaala wa umilisi uanze kote Kenya mwaka 2019, wazazi tumekuwa wahandisi wa usiku. Usibabaike. Fuata mwongozo huu, mwanao atapata alama bila kuchafua hata ukucha.

Kwanza mlaze mtoto. Akikataa kulala, mpe tochi ashike. Wapo watakaokushauri umpe vijiti na gundi, aunge fremu ya pembe nne, aisukume, aione ikilala upande. Kisha aongeze kijiti kimoja cha mshazari, ashangae jinsi ilivyokaza baada ya kuwa pembetatu mbili. Saa nzima hiyo, kwa kijiti kimoja! Karatasi pia mfichie. Ikilazwa bapa juu ya vitabu viwili hubonyea kwa sarafu chache tu. Ikikunjwa mikunjo hubeba rundo zima. Akishalijua hilo atatazama paa la jirani na kuuliza mbona mabati yana migongo, nawe maswali hayataisha hadi Krismasi.

Chagua daraja la kuwatia wazazi wenzako wivu. Mimi napendekeza Daraja la Nyerere la Kigamboni, Dar es Salaam, lililofunguliwa 2016: mita 680, minara, na kebo zinazoteremka kwa madaha. Kebo zile hushika barabara na kuupeleka uzito wake kwenye minara. Zako ni uzi wa kushonea, na mzigo wote umebebwa na ubao uliouficha chini. Puliza rangi ya fedha, nani atajua?

Atajua mwenye tochi. "Baba, hizi kamba mbona zimelegea? Zinavuta nini?"

Jibu la kitaalamu ni hili: "Usiguse, rangi haijakauka."

Baada ya hapo atakuwa kimya, na kimya cha mtoto si cha kuaminiwa. Utamkuta nyuma ya kochi na mabaki yako ya waya na ile ndara iliyokatika. Keshakata matairi manne. Ekseli ya mbele ameiunga na waya mrefu unaopanda hadi kwenye usukani wa kushikwa mkononi, lakini fundo amelikaza mno, gari halikati kona. Analegeza kidogo, anajaribu, matairi yanayumba. Anakaza nusu, anajaribu tena. Mwambie aache kuchezea takataka.

Asubuhi panda bodaboda ukiwa umelipakata daraja. Mtoto na mkoba wake watajibana nyuma yako. Njiani mkaririshe sentensi moja kuhusu kebo, mwalimu asije akamuuliza. Jioni litarudi na alama ya "Kuzidisha matarajio". Lipige picha, uliweke juu ya kabati, mtoto asilifikie.

Kisha fagia. Kabla hujalitupa lile gari la ndara, chungulia uhakikishe hakuna anayekuona, shika usukani, ulisukume mpaka mlangoni. Pale penye meza, kata kushoto.