Hukumu ya Ndara

Nyumbani kwangu hapa Kisumu, buibui akionekana ukutani hasomewi mashtaka. Mama watoto hupaza sauti, "Baba Atieno, ua huyo!" na kabla sijapata miwani, ndara imeshatua. Jirani naye huja kukagua maiti. "Alikuwa wa sumu huyu." Kwa jirani huyu kila buibui ni wa sumu, hasa akishapondwa hata miguu haihesabiki.

Nimewaomba watazame kwanza, wapi! Yule bapa, anayelala ukutani kama aliyepigwa pasi na akiguswa huchomoka upandeupande hadi nyuma ya kalenda, hatandi utando wa kunasia. Huwinda wadudu usiku kwa mbio zake. Vile viduara vyeupe mnavyodhani ni rangi ya ukuta inayobanduka ni mifuko ya mayai yake. Wa miguu mirefu myembamba kule pembeni mwa dari, anayejitikisa akichokozwa, huyo nimemwachia mama watoto na ufagio. Tandabui zake hukusanya masizi mpaka wageni wanadhani tumehama.

Lakini kale kadogo kanakorukaruka, kenye macho manane na mawili ya mbele makubwa yanayokukodolea, nakatetea mpaka mwisho. Huku Ziwa Victoria tunaye wa kwetu kabisa, wataalamu humwita Evarcha culicivora. Mwili nusu sentimita hivi, na chakula anachokipenda ni mbu jike aliyeshiba damu. Damu yetu anaitaka, ila hana mdomo wa kututoboa, basi anamngoja mbu amchotee. Tena watafiti waliomchunguza kule Mbita waliandika mwaka 2011 kwamba anavutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa.

Hapo nilichangamka. Miaka yote natukanwa kwa soksi, kumbe zina kazi! Nikazisukuma chini ya kitanda makusudi, nikaeleza sayansi yake kwa upole. Jibu nililopewa gazeti hili haliwezi kulichapa. Soksi zililala nje kwenye kamba, na mimi nusura nizifuate.

Usiku huohuo nikaambiwa mbu wamezidi.

Neti nafunga bado, maana buibui mmoja hawezi kumaliza mbu wa mtaa mzima wa Nyalenda. Ila ile dawa ya kupuliza, inayoua mlaji na mliwa pamoja, anayeitaka tena akainunue kwa pesa zake mwenyewe.