Kikosi cha Kwanza cha Amunike

Agosti 2018 Emmanuel Amunike alikabidhiwa Taifa Stars, akidhani ameajiriwa kufundisha mpira. Huyu ndiye aliyeifungia Nigeria mabao mawili kwenye fainali ya AFCON ya 1994, lakini yaonekana hakuna aliyemnong'oneza kwamba hapa kikosi cha taifa husomwa kama matokeo ya ubunge: kwanza tunahesabu Simba wangapi, Yanga wangapi, kisha ndipo tunauliza tunacheza na nani.

Mgeni wa watu akaita majina, akataja na muda wa kuripoti kambini. Muda! Wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, wakachelewa; akawaengua, akaita wengine. Vijiweni wakaibuka makocha wenye leseni ya kahawa na kashata, wakathibitisha kwamba Mnigeria huyu ni Yanga wa kuzaliwa. Eti mtu aachwe kwa kuchelewa tu, tena Bongo hii, ambako harusi ya saa kumi na mbili huanza saa tatu!

Septemba Stars wakaenda Kampala, wakatoka suluhu na Uganda. Wachambuzi wakanywea kidogo, rambirambi walishaziandaa.