Nimekuja Kujitolea, Nahema

Nilipowaambia majirani zangu wa Temeke kwamba nakwenda Addis Ababa kufundisha Kiswahili kwa kujitolea, swali lilikuwa moja tu: dola ngapi kwa mwezi? Nikawaambia hakuna dola, tena tiketi ya ndege naitoa kwenye kiinua mgongo changu. Kimya. Kisha mzee mwenzangu wa bao akaniinamia sikioni: "Sema kweli, shemeji kakufukuza?"

Hajanifukuza. Nimestaafu uhasibu, basi, na mstaafu kazi yake nyumbani ni kuambiwa asogeze miguu pafagiliwe. Nikasikia kuna kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu wanatafuta mtu wa kuzungumza nao Kiswahili wakati wa likizo. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na makao makuu yake yako hapo hapo Addis, kwa hiyo vijana walikuwa wamepiga hesabu zao. Mhasibu ndiye hakupiga.

Waethiopia wana kalenda ya miezi 13, na kwa miaka mingi waliwaita watalii kwa ahadi ya miezi 13 ya jua. Nikaamini. Nikafungasha mashati ya mikono mifupi na kandambili, nikatua Julai, katikati ya mvua zao kubwa. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mimi ni mtu ambaye mlima wake mkubwa maishani ni daraja la Kigamboni. Darasa nikapewa ghorofa ya nne. Lifti ipo, ila imepumzika. Siku ya kwanza nilifika juu nikasimama mbele ya wanafunzi dakika tano nzima bila kutoa neno. Wakadhani ni mbinu ya kufundishia.

Lakini nimeruka. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kufundisha. Siku ya kwanza yenyewe sikufundisha.

Mpwa wangu alikuwa ameninasihi: "Mjomba, huko nje hawahesabu saa kama sisi. Ukiambiwa saa mbili, ujue ni saa nane yetu." Mtoto kasoma, nikamsikiliza. Wanafunzi wakaniandikia kwa Kiswahili safi: tuonane saa mbili. Nikalala, nikaamka, nikanywa chai polepole, nikaenda saa nane mchana. Mlinzi anafunga mlango. Vijana walikuwa wamenisubiri tangu asubuhi, kwa sababu Ethiopia wanahesabu saa vilevile kama sisi: jua likichomoza siku ndiyo imeanza, na saa mbili ni saa mbili. Yaani nimesafiri nikaiacha saa yangu nyumbani, nikaikuta imenitangulia.

Nikajiapiza kutobadilisha kitu tena. Wakaniletea karatasi ya mahudhurio imeandikwa mwaka 2016, na mimi nina hakika niliondoka Dar 2024. Nikaacha kama ilivyo. Nikakumbuka deni nililomkopa shemeji yangu mwaka 2019, nikaona kumbe kwa huku bado sijalikopa. Sijawahi kuipenda kalenda kiasi hicho.

Sasa darasani. Nilidhani mtu akizaliwa na lugha anaweza kuifundisha, kama vile mwenye tumbo anavyoweza kuwa daktari wa tumbo. Kijana mmoja mrefu akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini kiboko wa mtoni analala, lakini kiboko cha kuchapia kinalala?" Nikasema yule ana roho. Akaandika. "Kwa nini tunasema mwalimu wangu, lakini kaka yangu? Kaka hana roho?" Nikatazama dirishani. Mvua. Nikajibu: "Ndivyo tulivyozoea." Akaandika na hiyo. Ukiyafungua madaftari yao leo utaikuta kanuni hiyo imepigiwa mstari, na kila ninapobanwa darasa zima linanisaidia kuitamka.

Halafu kuna suala la kuhema. Nilimuuliza binti wa mbele, "Umeelewa?" Akavuta pumzi ghafla, hhh, kama mtu aliyekanyaga msumari. Nikashtuka, nikamfungulia dirisha. Nikamuuliza wa pili, hhh! Nikaona kumbe ghorofa hii inatumaliza sote. Nikaagiza maji. Walipomaliza kucheka wakanieleza: huku mtu akikubali mara nyingi huvuta pumzi tu, yatosha. Nimetumia wiki mbili kuwafundisha "ndiyo". Wanaijua, wanaiandika bila kosa, hawaitamki. Wananivutia pumzi.

Kahawa nayo haina haraka. Wanaiita buna, neno la ukoo mmoja na buni yetu, nikajiona niko nyumbani. Inakaangwa mbele yako, inatwangwa, inachemshwa, inamiminwa duru tatu, na kuondoka kabla ya ya tatu, inayoitwa baraka, ni utovu wa adabu. Nikangoja kashata. Zikaja bisi. Kahawa kwa bisi! Nikala, maana silipwi, na asiyelipwa hachagui.

Jumatano na Ijumaa wanafunzi wangu wa Kiorthodoksi hufunga: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Mimi kwetu najua kufunga ni sinia kuwa tupu mpaka magharibi. Mfungo wa huku una dengu, kabichi, viazi na mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, vyote juu ya mkate mmoja wa injera, na katikati ya chakula mwanafunzi anakunja tonge kubwa, anakusogelea, anakutia mdomoni kwa mkono wake. Ni heshima. Mzee wa miaka 61, nimelishwa mbele ya watu kama bwana harusi, na huwezi kukataa, tena tonge moja halitoshi.

Nilikuja kwa miezi mitatu. Wiki hii mama watoto akapiga simu: vijana wamemwambia nimeulizwa kama nitaongeza mingine mitatu, kisa mtihani wao uko karibu. "Na wewe umekubali?"

Nikavuta pumzi, hhh.

"We baba," akasema, "hicho kifua umemwonyesha daktari?"